Sufuria ya Jakobsberg

Sufuria yetu ilitoka Jakobsberg. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kila anayeiona sasa, ikiwa ndani ya kioo cha makumbusho huko katikati ya jiji, hudhani ilikuja na meli kutoka Afrika, na mimi nimechoka kuwasahihisha watu. Ilitoka jikoni mwa shule moja ya Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm, ambako mwanamke mmoja wa Kikongo alikuwa akiosha vyombo. Shule ilipoacha kupika na kuanza kuletewa chakula kilichopikwa kwingine, masufuria yalipangwa nje kungoja gari la taka. Yule mwanamke akamwomba msimamizi ile kubwa kuliko zote. Akaifunga juu ya magurudumu ya kigari cha mtoto, akaivuta hadi kituoni na kupanda nayo treni. Abiria wakatazama dirishani, maana huku ukibeba kitu cha ajabu, adabu ni watu wajifanye hawakukiona.

Ilikuwa ya alumini, nzito, pana kiasi cha mtoto kuketi ndani. Mkono mmoja ulikuwa umeng'oka, na mahali pake pakatiwa kipande cha chuma na bolti mbili. Maharage yakichemka humo yalitosha chama chetu kizima, nacho hakikuwa kidogo.

Mwanamke huyo tulimwita Mama Mukubwa, kama Wakongo wenzake walivyomwita. Kwao ilikuwa Uvira. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na sijawahi kumwona akikimbia wala akichelewa. Ukimpigia simu kumwambia kuna msiba hakuuliza nani wala alikufaje. Alisema, "Nakuya," akakata. Watu wa kwao husema kuya pale sisi wa Kenya tunaposema kuja. Ukishasikia neno hilo, ulijua sufuria iko njiani.

Mimi nililisikia kwanza kwenye simu ya mtu mwingine. Nilikuwa nimefika Stockholm kwa ndoa, na ndoa ilikuwa imevunjika kabla sijajifunza kuisoma ramani ya treni. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa mezani kwa mtu nisiyemjua, na nikitoka nchini sikuwa na hakika ya kurudi. Ndipo mama yangu akafariki Nakuru. Nilipata habari asubuhi, na mchana nikashuka dukani mtaani kwetu Rinkeby kununua unga kama siku nyingine yoyote, kwa sababu sikujua mtu aliyefiwa hufanya nini peke yake. Nikaanza kulia mbele ya magunia ya mchele. Mwenye duka, Mganda mmoja ambaye hadi siku ile tulikuwa tukisalimiana tu, akanivutia kiti, akapiga simu, akanipa niongee. Sikuweza kusema kitu. Nikasikia tu, "Nakuya."

Jioni ile nyumba yangu ilijaa watu nisiowajua. Walivua viatu, wakatoa makoti, wakasogeza sofa ukutani bila kuniomba ruhusa. Sufuria ikawekwa juu ya mafiga mawili ya jiko langu la umeme kwa kuwa moja halikutosha. Waliomba kwa Kiswahili cha kila namna na kwa Kifaransa kidogo, wakaimba, na majirani wa chini wakagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Mama Mukubwa aliketi nami sakafuni akaniuliza swali moja tu, mama yako alipenda kuimba nini akiwa jikoni. Nikamwimbia. Akauliza maneno, nikamfundisha, na siku ya mazishi kule Nakuru, saa ileile wimbo ule uliimbwa Rinkeby na Wakongo, Warundi na Watanzania ambao hawakuwahi kumwona mama yangu hata kwa picha. Watu husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilipata ndugu nyumba nzima kwa siku moja, na deni hilo sijalimaliza.

Siku walipoondoka, sufuria haikuondoka. Ndivyo tulivyofanya. Hubaki katika nyumba iliyofiwa hadi msiba mwingine utokee, kisha mwenye nyumba huipeleka mwenyewe kwa mfiwa mpya, na haiendi tupu. Huwekwa konzi ya maharage mabichi ndani, au mchele, au chochote kikavu. Mama Mukubwa alisema nyumba iliyofiwa isianze na chombo kitupu. Ilikaa kwangu miezi kadhaa kwenye kona ya sebule, na nilikuwa nikiisalimu nikitoka kazini.

Chama chetu kilikuwa hicho, kama mtu anataka kujua. Tulikuwa na chumba cha chini cha jengo moja Hjulsta, mwisho wa laini ya buluu ya treni ya chini ya ardhi, chenye madirisha madogo yanayotazama miguu ya wapita njia. Tuligombana humo mpaka nikaapa mara nyingi kutorudi. Wakenya wenzangu walitaka kila mkutano uwe na ajenda, Wakongo walitaka uanze kwa maombi, na maombi yao yalikuwa marefu kuliko ajenda yetu. Tuligombana kama sombe, kisamvu cha Wakongo, ni chakula au ni majani. Tuligombana juu ya Kiswahili cha nani kifundishwe watoto Jumamosi, na watoto wenyewe walikuwa pembeni wakicheka kwa Kiswidi. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na nilitoka nje ya chumba kile nikiubamiza mlango zaidi ya mara moja.

Lakini mtu akifa, hakuna aliyegombana. Huku maiti hungoja. Hupita wiki tatu, pengine zaidi, ndipo azikwe, na majonzi ya kwetu hayakuumbwa kungoja namna hiyo. Chama ndicho kilichozijaza wiki hizo. Wanawake walikwenda kuwaosha marehemu na kuwavalisha, wanaume walizungumza na makanisa na watu wa makaburi, na kila jioni mtu alikuwa na mfiwa ili asile peke yake. Kabla yetu kulikuwa na vyama vingine vya watu weusi jijini, vya wanafunzi, vya waliokimbia vita vyao na serikali zao, na naamini navyo vilikuwa na sufuria zao. Picha za watu weusi wa jiji hili nimeziona nyingi, wa mpira, wa muziki, wa maandamano. Sijaona hata moja ya wanawake waliowaosha.

Kwa hiyo alipokuja binti wa makumbusho, sikuwa dhidi yake. Baba yake ni wa Gambia na mama yake wa hapa, na alizaliwa katika jiji hili. Alikuwa akikusanya historia ya watu weusi wa Stockholm kwa ajili ya maonyesho, na alitujia Hjulsta akiwa na soksi nzito na adabu nyingi. Siku ile tulivaa vizuri kama watu wanaokwenda harusini. Watu walileta picha, vitenge, fulana za timu ya mpira tuliyokuwa nayo zamani. Binti alizipokea zote kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa Kiswidi cha taratibu, kwamba angependa pia kitu kimoja ambacho bila hicho chama kisingekuwa chama.

Mama Mukubwa, ambaye kwa kawaida hakusema mkutanoni, akasema kutoka kwenye kona yake, "Mubape sufuria."

Mimi nilikuwa wa kwanza kupinga. Nikasema sufuria si ya kutazamwa, ni ya kupikia. Mwenyekiti wetu, Mkenya mwenzangu anayeendesha basi, akaninong'oneza, "Madam, tulia kwanza." Mama Mukubwa akanitazama bila ukali.

"Binti yangu," akasema, "hapa kila siku banatuita bageni. Mutu mwenye alizika batu yake hapa, ule haiko mugeni tena. Baone ile kitu tulizikia nayo."

Kuna methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa tumelishika miaka mingi. Sikupinga tena.

Binti wa makumbusho akauliza kama sufuria ilitoka Kongo. "Jakobsberg," akajibu Mama Mukubwa, na chumba kizima kikacheka, na binti naye akacheka, akaandika.

Kosa tulilifanya pale pale mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeliona. Mfiwa wa mwisho akaenda kuileta sufuria, na mwenyekiti akatia saini karatasi za makumbusho. Mama Mukubwa akaenda kwenye kabati, akachota konzi kubwa ya maharage mekundu, akayamimina ndani ya sufuria, akafunika. Binti akauliza ni ya nini. Mama Mukubwa akamweleza kwamba chombo hakitoki kwetu kitupu, kuna nyumba itakayokihitaji. Binti akaitikia kwa kichwa. Yeye alidhani anaelezwa mila. Sisi tulidhani tumeelewana. Katika akili zetu sufuria ilikuwa imehamia nyumba nyingine, nyumba ya kioo, na siku ya msiba tungepiga simu tukaichukue, kama tulivyofanya siku zote. Hatujawahi kuwa na kitu ambacho mtu alikipokea kikawa hakitoki tena.

Mwaka ule Mungu alituhurumia, hatukufiwa. Maonyesho yakafunguliwa. Tukaenda wote, tukapiga picha mbele ya kioo, na Mama Mukubwa akasimama mbele ya sufuria yake na mkoba kifuani kwa muda mrefu. Nilimuuliza anaonaje. Akasema wameiweka mahali pazuri lakini hawakuisugua vizuri chini.

Majira ya baridi yaliyofuata akaugua. Ilikuwa saratani ya damu, na ilikwenda haraka. Mimi ni mhudumu wa wazee, kazi yangu ni kuwatazama watu wakipungua, na bado nilikuwa nikijidanganya mpaka wiki ya mwisho. Alifariki hospitalini mchana, mwanawe akiwa amemshika mkono. Mimi nilifika baadaye. Nikampigia mwenyekiti, yeye akawapigia wengine, na kila aliyepokea simu alinyamaza kwanza, kwa sababu mtu ambaye tungempigia ndiye aliyekuwa amekufa.

Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Ni mtu mzima sasa, fundi wa lifti, anaishi Jakobsberg na mkewe. Alifika hapa mdogo sana. Tangu nimjue alikuwa akinisalimu kwa heshima, akiniita tanti, yaani shangazi kwa Wakongo, na neno hilo ndilo pekee la upande wetu nililolisikia kinywani mwake. Mengine yote alisema kwa Kiswidi. Mama yake alimwongelesha kwa Kiswahili cha Uvira, yeye akajibu kwa Kiswidi, na wakaelewana maisha yao yote.

Nilimpigia siku ya pili kumwambia kwamba tuko tayari, aseme tu matanga yawe nyumbani kwake au kwa marehemu. Akanijibu kwamba hakutakuwa na matanga. Kutakuwa na ibada fupi kanisani, atakayetaka aje, kisha kaburini, kisha watu waende makwao.

Nikamwambia mama yake amekaa na kila mfiwa wa jiji hili, amelala kwenye sakafu za watu, ameosha maiti za watu ambao hata majina yao alikuwa hayajui, na leo aondoke kwa kahawa ya kanisani? Nikamwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, bila kupaza sauti, kwamba ananiheshimu, na akakata simu.

Hasira hasara. Nilikaa jikoni, na nilijua sikukasirika kwa ajili ya Mama Mukubwa peke yake. Nina watoto wawili, wote wanaishi mbali, wananipenda, na wananijibu kwa Kiswidi. Ikiwa yeye aliyewabeba watu wote hakuwa na wa kumlilia kwa namna yetu, mimi nitakuwa na nani? Niliogopa. Nalisema wazi kwa sababu niliona wengi chamani wameogopa hivyohivyo wakabaki wakizungumza habari za mila.

Mwenyekiti akasema tufanye matanga Hjulsta, chumbani kwetu, na kijana akitaka kuja atakuja. Wengine wakasema matanga bila mfiwa ni karamu tu. Nilikubaliana nao, lakini sikuweza kukaa bila kufanya kitu, kwa hiyo nikafanya kile nilichokijua. Nikaenda kuifuata sufuria.

Nilimpigia binti wa makumbusho. Nikamwambia mwenye sufuria amefariki, tutakuja kesho na kigari. Akatoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaniambia haiwezekani. Sufuria sasa ni mali ya jiji. Haiwezi kutoka, na hata ingetoka, haiwezi kuwekwa motoni wala chakula. Nikamwuliza ni nani aliyesema hivyo. Akasema sisi wenyewe, siku ile. Nikamwomba aulize wakubwa wake. Akauliza, akanipigia tena siku iliyofuata, na jibu lilikuwa lilelile.

"Tuliwaazimisha," nikamwambia.

"Mlitupatia," akasema kwa upole.

"Kwetu ni kitu kimoja!"

Nilifikiri nimemkosea na yeye. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeogopa kuonekana mjinga, kuhusu maharage. Makumbusho hayaweki nafaka ndani ya kioo, kwa sababu ya wadudu. Walikuwa wameyatoa, wakayagandisha kwa baridi kali, na tangu siku ile yeye aliyahifadhi kwenye chupa ndani ya kabati lake, maana hakupata moyo wa kuyatupa baada ya yale aliyoelezwa. Sufuria iliandikwa kuwa mali ya jiji. Maharage hayakuandikwa popote.

"Alisema ni ya nyumba itakayofuata," binti akasema. "Nadhani ni hii."

Mama Mukubwa alikuwa ameyachota mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ajili ya msiba utakaofuata, na msiba uliofuata ulikuwa wake. Nililia kwenye simu mbele ya yule binti, naye akaningoja.

Alinikabidhi chupa mlangoni pa wafanyakazi, imefungwa kwa karatasi. Sikwenda nayo Hjulsta. Maharage ya msiba hupelekwa kwa mfiwa, na mfiwa alikuwa mmoja tu. Nikapanda treni ya kwenda Jakobsberg, na njiani nilijiahidi kwamba sitafungua mdomo kugomba hata akinifukuza.

Alinifungulia akiwa na nguo za kazi. Nikaiweka chupa mezani, nikamweleza ilikotoka, kila kitu kama nilivyokieleza hapa. Hakuwa anajua kwamba mama yake aliweka maharage ndani ya sufuria siku ile. Aliizungusha chupa mkononi. Kisha akaanza kusema, kwa Kiswidi, huku akiitazama chupa.

Alisema kwamba alipokuwa mtoto, matanga yalipofanyika kwao, makoti yote yaliwekwa kitandani kwake. Chumba chake ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Majira ya baridi watu walikuja na makoti mazito, yenye theluji, yenye harufu za nyumba za watu, na kilima hicho kililala juu ya kitanda chake hadi wa mwisho alipoondoka. Yeye alingoja ameketi sakafuni. Mara nyingine alisinzia na kuamka chini ya koti la mtu asiyemjua. Na matanga yalipokuwa kwingine, mama yake alikuwa huko. Simu ililia, mama akasema neno lake, akavaa viatu. "Alikuja kwa kila mtu," akasema. "Mimi nilikuwa naye hospitalini wiki tatu. Hizo ndizo wiki nilizokuwa naye peke yangu. Sasa mnataka kumchukua tena."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo tele, na mazuri. Nikakumbuka koti langu mwenyewe, lile la kijani, ambalo nililivua nyumbani kwao miaka ile bila kuuliza linawekwa wapi. Nikamwambia pole, mwanangu. Nikamwambia maharage ni yake, ayafanye atakavyo, ayatupe akitaka. Nikavaa viatu.

Nilipokuwa nimeshika kitasa akaniuliza yanapikwaje. Nikamwambia yaloweke usiku kucha. Akafungua chupa, akachukua sahani ya kina, akajimiminia kama nusu. Nusu nyingine akanirudishia.

"Pikeni basi," akasema kwa Kiswidi.

Nilikwenda Hjulsta nikayagawa. Kila nyumba ilipata machache, ikayachanganya na yake, ikapika katika sufuria yake ya kila siku. Hakuna aliyeongoza wala kupanga. Siku ya mazishi kanisa lilijaa hadi nje, na mhudumu wa kanisa akawa anatafuta viti. Mwanawe aliketi mbele na mkewe, hakugeuka nyuma. Tuliimba. Kaburini ardhi ilikuwa imeganda, na shimo lilikuwa limechimbwa kwa mashine, lakini wanaume wetu waliomba koleo wakafukia kwa mikono, na wafanyakazi wa makaburi wakarudi nyuma wakavua kofia.

Kisha tukapanda laini ya buluu hadi mwisho, watu wazima waliovaa nyeusi, kila mmoja amepakata sufuria iliyofungwa kwa taulo. Abiria wakatazama madirishani, ingawa chini ya ardhi hakuna cha kutazama.

Chumbani tulipanga sufuria mezani kando kwa kando. Zilikuwa za kila aina, nyingine zimepikwa kwa nazi, nyingine kwa mawese, moja ina sukari, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema maharage hayapikwi hivyo. Tulikuwa tumeanza kuomba mlango ulipofunguka. Alikuwa yeye, na mkewe nyuma yake, na sufuria ndogo ya chuma cha pua mikononi. Akaiweka mwishoni mwa meza. Halafu, badala ya kuja kuketi pale mfiwa anapoketi, alirudi mlangoni. Kila aliyechelewa akifika, alimsaidia kuvua koti, akalitundika kwenye msumari. Misumari ilipokwisha, aliyashika mwenyewe. Mwishowe mwenyekiti akamfuata, akayatoa makoti mikononi mwake moja moja, akamshika bega akamleta kati yetu.

Maharage yake yalikuwa hayajaiva. Yaligonga meno. Tuliyala yote, kila mtu alihakikisha amepata, na mama mmoja wa Kirundi akaomba aongezwe.

Tuliimba hadi jioni. Sikumwona akilia, lakini tulipoimba ule wimbo ambao mama yake alikuwa akianzisha siku zote, midomo yake ilikwenda na maneno, yote, hadi ubeti wa mwisho.

Watu walipoanza kuondoka, niliosha vyombo na wanawake wengine. Sufuria yake niliikausha, nikachota konzi ya maharage mabichi kutoka kabatini, nikayamimina ndani, nikampelekea mlangoni alipokuwa akiwapa watu makoti yao. Akainua kifuniko akatazama. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "Hii ni ya nani?"

"Ni ya msiba utakaofuata."

"Ya nani?"

Nilitaka kumtania, nikashindwa. "Anajua Mungu," nikasema. "Mimi ndiye mkubwa sasa. Huenda ni wangu."

Akafunika. Akatafuta koti langu kati ya yale yaliyobaki, akalijua bila kuuliza, akanishikia nikaingiza mikono. Mkewe alikuwa akimngoja nje kwenye theluji. Akaiweka sufuria kwapani, akanitazama.

"Nitakuya, tanti," akasema.